Mpaka Unaofuata Usukani

Sehemu ya Tisa

"Maji yamekwisha!"

Kwa kelele hiyo ya baharia wa upondo tuliagana wiki iliyopita, na Nahodha tukamwacha mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, mto ukigawanyika mbele yake.

Maji hayakuwa yamekwisha. Baharia huyu hutia chumvi hata anapotaja umri wake. Upondo, ule mti mrefu wa kupimia maji, ulionyesha kina cha mita moja na vidole vinne, na meli yenyewe inahitaji mita moja kamili. Vidole vinne ni vingi sana, mtu akiwa anapima unga.

Kwa msomaji ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hajalisoma, mambo ni mepesi. Mto huu ni mpaka wa nchi mbili. Katikati yake pana kisiwa, na kisiwa kinaugawa mto kuwa mikondo miwili. Mkataba wa mpaka, uliotungwa na mabwana wawili ambao hawakuwahi kulowesha hata kidole katika maji haya, unasema kwamba mpaka utapita pale ipitapo meli kubwa kuliko zote mtoni. Meli kubwa siku hizi ni moja tu, nayo hubeba watalii thelathini na wanne, viti vya kukunja na birika la chai. Leo, mbele ya wajumbe wa Tume ya Mipaka, ikipita Mkondo wa Zamani, kisiwa kinabaki kwetu. Ikipita Mkondo Mpya, kisiwa kinakuwa cha jirani, pamoja na vyote vilivyomo.

Vilivyomo ni nyumba moja ya vyumba vitatu na mama mkwe wa Nahodha. Jirani ameshatangaza kwamba akikipata kisiwa hicho atakifanya eneo la ulinzi, na wakazi wake wote watahama ndani ya siku thelathini. Wakazi wote ni yule mama.

Mkondo Mpya una kina cha kumeza nyumba ya ghorofa. Mkondo wa Zamani umejaa mchanga. Mtu mwenye akili timamu angechagua Mkondo Mpya, akafika gatini mapema, akanywa chai yake kwa amani.

Nahodha alikata usukani kushoto, akaingia Mkondo wa Zamani.

"Umeamua," ilisema sauti nyuma yake.

Sauti hiyo ilikuwa ya mjumbe wa nchi jirani katika Tume ya Mipaka, ambaye mabaharia wamempa jina la Bwana Muhuri, kwa kuwa hata leso yake ameipiga muhuri. Nchi yetu pia ilituma mjumbe. Mjumbe wetu alishikwa na kichefuchefu gatini, kabla kamba hazijafunguliwa, na tangu hapo yuko kitandani chini, akiitetea nchi kwa kuguna.

"Nahodha," aliendelea Bwana Muhuri, kwa upole wa daktari anayetafuta mshipa, "unauona mchanga ule?"

"Naona maji."

"Mimi naona mchanga wenye unyevunyevu."

"Basi tunaona kitu kimoja, mheshimiwa, kila mtu kwa mshahara wake."

Bwana Muhuri alitabasamu, akafungua faili. "Nikukumbushe kifungu cha saba. Meli ipite kwa nguvu zake yenyewe, chini ya nahodha wake, bila kusaidiwa na mtu yeyote asiye wa meli. Ikikwama zaidi ya robo saa, mkondo utahesabiwa umekufa."

"Nakijua."

"Nakisoma kwa sababu ninakipenda."

Upondo ukazama tena. Mita moja na vidole viwili.

Nahodha akanyoosha mkono juu, akaivuta kamba ya kengele mara tatu.

Hapa inabidi nifichue siri ambayo haimo katika kijitabu cha safari, kile chenye picha za majabali na ahadi ya historia isiyosahaulika. Meli hii ni bapa na nyepesi. Uzito wake mkubwa ni wageni. Kwa miaka kumi na mmoja Nahodha amekuwa akiuhamisha uzito huo kwa kengele. Mlio mmoja, wageni waende kushoto. Milio miwili, kulia. Milio mitatu, nyuma. Kuwaambia watu waliolipa nauli kwamba wao ni shehena si adabu, kwa hiyo kazi hiyo amepewa mwongoza wageni, aitwaye Maktaba. Kengele ikilia, Maktaba hutafuta tukio la kihistoria upande unaohitajika, papo kwa hapo, na wageni hukimbilia kulitazama.

Ndiyo maana eneo hili la mpakani lina vita vingi kuliko watu. Kila penye fungu la mchanga, kuna jeshi lililoangamia ng'ambo ya pili.

"Mabibi na mabwana!" Maktaba alidaka kipaza sauti kabla mlio wa tatu haujafifia. "Nyuma, tafadhali, nyuma haraka! Mnara ule unaopotea kwenye kona ndimo alimofungwa binti wa mfalme, miaka saba mizima, kwa kosa la kumpenda adui wa baba yake!"

Viti vikaburutwa. Wageni wakamiminika nyuma, kamera shingoni, na pua ya meli ikainuka kidogo kama mtu anayenusa jambo. Upondo ukasema vidole vitatu. Nahodha akashusha pumzi.

Aliishusha mapema. Miongoni mwa wageni alikuwamo mwalimu mstaafu mwenye daftari.

"Samahani," alisema Mwalimu. "Mimi nilipanda meli hii mwaka jana. Ulisema mnara huo ulikuwa ghala la chumvi."

"Alifungwa ghalani, Mwalimu."

"Na mwaka jana ulisema lilijengwa baada ya wafalme kwisha."

"Mwalimu! Binti wa watu analia, wewe unauliza miaka?"

"Nauliza alilia kabla ya kujengewa ghala au baada."

Kicheko kikapasuka. Hakuna mnara duniani unaoweza kushindana na watu wawili wanaobishana, na nusu ya wageni waligeuka, wakasogea mbele ili wasikie vizuri. Uzito ukasogea nao. Pua ikashuka. Chini ya meli ikasikika sauti ndefu ya kukwaruza, kama bibi kizee anayeburuta kitanda, kisha kila kitu kikatulia, hata vikombe.

Bwana Muhuri akabonyeza saa yake.

"Robo saa," alisema. "Inaanza."

Kwenye bomba la sauti linalotoka chumba cha injini ikaja sauti ya Fundi. Fundi ndiye mume wa Nahodha na mtoto pekee wa yule mama wa kisiwani, na kwa miaka tisa ya ndoa yake amependa sana chumba cha injini, kwa kuwa ndipo mahali pekee mtoni ambapo hamsikii mkewe wala mama yake.

"Mke wangu, mbona tumesimama?"

"Tunapumzika."

"Tunapumzika wapi?"

Nahodha akatazama kulia. Hatua kumi tu kutoka ubavuni mwa meli palikuwa na kamba yenye nguo zilizoanikwa, mlango wa bluu, na mbele ya mlango mwanamke mwenye ufagio.

"Kwa mama yako," alisema.

"Ninaweza kubaki huku chini?"

"Rudisha nyuma, nguvu zote!"

Injini ikanguruma. Rafadha, lile pangaboi la majini, ikachota matope, ikayatupa juu, ikawapaka wageni wawili waliokuwa wamevaa nyeupe. Meli haikusogea hata unywele. Moshi ulianza kupanda kutoka chini, na kufuatana nao kikatokea kichwa cha Fundi kwenye kidirisha cha sitaha.

"Injini inachemka. Tukiendelea, itakuwa meli ya matembezi isiyotembea."

"Nani kaegesha sufuria lake mbele ya nyumba yangu?" ikauliza sauti ya kisiwani.

"Shikamoo, mama," alisema Nahodha.

"Marahaba, mwanangu," alijibu mama mkwe, akimtazama Fundi, ambaye hakuwa ametamka neno. "Unakula lakini? Mwambie huyo aondoe chombo chake. Kinanikingia jua, na shuka zangu ni mbichi."

"Mama, amekwama," alisema Fundi.

"Naona. Hata kuku akipanda paa hujua atashukaje."

"Mama, amepita huku kwa ajili yako! Asipovuka, utahamishwa hapa."

"Nihamishwe na nani?"

"Na bwana huyu mwenye saa."

Mama mkwe alimpima Bwana Muhuri kuanzia viatu hadi kofia, akarudi tena hadi viatu. "Huyu? Huyu hawezi kuhamisha hata mbuzi."

Bwana Muhuri akaliandika hilo katika faili, pamoja na saa lilipotamkwa. "Zimebaki dakika tisa," aliongeza.

Nahodha akafumba macho. Ipo njia moja ya kuinasua meli bapa iliyokalia mchanga, nayo ni kuiyumbisha. Wageni wote waende upande mmoja, kisha wote upande wa pili, upesi upesi, bila kupumzika, mpaka mchanga uachie. Jeshi lingefanya hivyo kwa amri moja. Watalii huhitaji sababu, na wanahitaji mpya kila baada ya nusu dakika.

Alimtazama Maktaba. Maktaba akaelewa, akakunja mikono ya shati.

Kengele, mara moja.

"Kushoto! Pale ndipo jenerali mkuu alipokatwa kichwa!"

Watu thelathini na wanne wakakimbilia kushoto. Meli ikainama.

Kengele, mara mbili.

"Kulia! Pale ndipo kilipoangukia!"

Wakarudi kulia mbio. Meli ikainamia huko.

"Kushoto! Mjane wake akajitupa mtoni!"

"Kulia! Akaokolewa!"

"Kushoto! Akajitupa tena!"

"Kwa nini ajitupe mara mbili?" alipaza sauti Mwalimu, akikimbia na daftari lake.

"Mara ya kwanza maji yalikuwa haba, Mwalimu, kama unavyojionea!"

Chini mchanga ulianza kunong'ona. Upondo ulisogea peke yake. Fundi, kichwa kikiwa bado kwenye kidirisha, alikuwa akigeuka kushoto na kulia pamoja na wageni, kama kwamba shingo yake ingesaidia. Baada ya jenerali alikuja nduguye, baada ya nduguye farasi, baada ya farasi hazina iliyozama kushoto ikaibukia kulia. Kufikia pale hazina iliporudi kushoto, wageni walikuwa wakihema.

"Dakika nne," alisema Bwana Muhuri.

Kengele, mara mbili.

Hakuna aliyekwenda. Mama mmoja mnene wa makamo akakunjua kiti, akakaa katikati kabisa ya sitaha.

"Mimi jenerali huyo nimemsamehe," alisema. "Na farasi wake pia."

Wengine wakaketi kumzunguka. Katikati ya sitaha, msomaji, ndiyo sehemu pekee ambako uzito hauna faida yoyote.

Nahodha akavuta kamba tena. Maktaba akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hakikutoka kitu. Alitazama mnara, akatazama majabali. Yote aliyafahamu, na yote alikwisha yatumia. Akakizima kipaza sauti, akakiweka chini.

"Kulia," alisema kwa sauti ya kawaida, "kuna mama mwenye ufagio."

Watu wakainama mbele ili wamsikie.

"Hana historia. Hakuna vita vilivyopiganwa mlangoni pake. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, chumba kimoja kila alipopata mabati. Meli hii isipotoka hapa kwa dakika tatu, mwezi ujao atafukuzwa humo, kwa sababu ya karatasi aliyoishika bwana yule. Na nahodha wenu ni mke wa mwanawe. Ameingia kwenye mchanga huu akiona kwa macho yake kwamba ni mchanga." Akajifuta uso. "Haya ni ya kweli. Mniwie radhi, mengine yameniishia."

Mwalimu alilifunga daftari lake.

"Mwaka jana hukusema hayo."

"Mwaka jana maji yalikuwapo."

Mwalimu akaligeukia lile kundi lililokaa. Akavuta pumzi, na kutoka katika kifua chake chembamba ikatoka sauti ambayo kwa miaka thelathini ilikuwa imesimamisha madarasa.

"Simama!"

Wote wakasimama. Mama mnene alikuwa wa kwanza.

"Kulia! Safu ya nyuma, msikokote miguu! Kushoto! Wewe mwenye kofia, hakuna kupiga picha! Kulia!"

Hawakuwa watalii tena. Walikwenda kama maji ndani ya ndoo. Meli ikalala kulia mpaka ukingo ukanusa mto, ikalala kushoto mpaka vikombe vyote vikajimwaga, ikalala tena kulia. Fundi akatumbukia chini, na injini ikaamka. Kitu fulani chini kikapasuka kama jino linalong'oka, na meli ikateleza, polepole, kisha kwa ujeuri, ikaelea.

"Sekunde arobaini zilibaki!" Nahodha alipiga kelele. "Umeona? Arobaini!"

Shangwe iliyolipuka iliwaamsha ndege wa nchi zote mbili. Watu wasiojuana walikumbatiana. Chini, mjumbe wetu aliguna kwa namna iliyofanana na ushindi.

Bwana Muhuri hakukasirika, na hilo lingetosha kumtisha mtu yeyote makini. Alikuwa ameinama nyuma ya meli, akitazama majini kwa furaha ya mtu aliyeokota pete.

"Nahodha," aliita. "Yule ni nani?"

Nyuma, maji yakiwa kiunoni, kitambaa kimemwangukia usoni na ufagio umechomekwa mgongoni, alisimama mama mkwe. Mikono yake miwili ilikuwa bado imenyooshwa mbele, mahali ambapo sekunde chache zilizopita palikuwa na meli.

Alikuwa amesukuma.

Mwanamke wa miaka sabini na minne anaisukuma meli kwa nguvu gani? Pengine kwa nguvu za nzi. Lakini kifungu cha saba hakina mizani.

"Bila kusaidiwa," alisoma Bwana Muhuri, akilionja kila neno, "na mtu yeyote asiye wa meli."

Shangwe ikakauka.

"Ni wa meli," alisema Nahodha.

"Yule?"

"Ni... ni mmoja wetu."

"Mwenye nyumba pale, nguo zake zimeanikwa pale, aliyekuita sufuria mbele ya mashahidi thelathini na wanne?"

"Sufuria ni meli. Mimi ni 'huyo'."

"Ahsante kwa sahihisho." Bwana Muhuri akachomoa kalamu, akaegemea kingo. "Mama! Tusaidie kidogo. Wewe una cheo gani katika meli hii?"

Maktaba alifungua kinywa. Bwana Muhuri alimwonyesha kidole bila kugeuka. "Wewe, hapana. Leo umesema kweli mara moja, usijichoshe."

Basi ikabaki kwa mama mkwe. Akisema yeye ni mkazi wa kisiwa, atakuwa amesema kweli, na nyumba imekwenda. Akisema yeye ni mfanyakazi, mpishi au mfagiaji, nyumba itapona, lakini itabidi akiri mbele ya watu kwamba yuko chini ya amri ya huyo. Waliomfahamu walijua kwamba angekubali kulala nje maisha yake yote kuliko kukaa chini ya amri ya mtu.

Alikiondoa kitambaa usoni. Akatazama mlango wake wa bluu. Akatazama shuka zake. Kisha akamtazama Nahodha, aliyekuwa ameegemea kingo akiwa ametapakaa matope hadi kwenye nyusi. Akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha duka ambalo amekuwa akilipita kila siku.

"Cheo?" alisema. "Mimi ndiye nahodha."

Hata injini ilionekana kusitasita.

"Na yule pale," akaendelea, akimwonyesha Nahodha kidole, "ni mwanangu. Namfundisha kazi. Bado hajui kuegesha."

Nahodha akageuza uso upande wa majabali, akakaa hivyo kidogo.

Bwana Muhuri aliandika neno kwa neno. Alipomaliza, alifunga kalamu kwa upole, na tabasamu lake likawa pana kuliko mkondo.

"Vizuri sana. Mkondo umebaki nusu. Pale mbele unapita katikati ya majabali mawili, na meli, tumekwisha soma, lazima ipite chini ya nahodha wake." Akajitolea yeye mwenyewe kushusha ngazi ya kamba. "Karibu kazini, mama. Na mwanafunzi asiguse usukani."

"Mheshimiwa, huwezi..." alianza Nahodha.

"Mimi siwezi kitu. Amesema yeye."

Mama mkwe alipanda ngazi, maji yakimtiririka, akakataa mkono wa Mwalimu, akakataa mkono wa mwanawe, aliyekuwa amepanda tena kutoka kwenye injini. Alipofika juu alimkabidhi Bwana Muhuri ufagio. "Nishikie," alisema, naye akashika kabla hajafikiri. Akapita katikati ya wageni, wakampisha, akaingia chumba cha usukani, akaukamata usukani kama mtu anayepokea sinia la watu wengi.

Meli ilikuwa imekwisha chukuliwa na maji. Majabali, ambayo kijitabu cha safari kinayasifu kwa uzuri wake, yalikuwa yakikua. Maji katikati yake yalikuwa meupe.

Nahodha alisimama begani kwake, mikono nyuma, vidole vikiwa vimefungana kwa nguvu ili visije vikamsaliti. Bwana Muhuri alisimama mlangoni na ufagio.

Mama mkwe akainamisha kichwa upande wa mkwewe, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, midomo isitikisike:

"Haya, mwanangu. Breki iko wapi?"